Wanawake Walipokataa Kuchimba Juu ya Chemchemi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Hapa Mbuji watu wameanza kukusahau, na sioni ubaya. Wasichana wanaochota maji chemchemini hudhani mikuyu ile ilijiotea yenyewe. Nakuandikia wewe kwa kuwa hatuna haja ya kuelezana.

Nilikuwa bado mgeni nyumbani kwako ushirika ulipoacha kutukopesha mbolea. Wanunuzi binafsi walikuja na magari, wakachukua kahawa, mbolea hawakuleta. Mibuni ikadhoofika. Mwanao Kasiani, mume wangu, akaona njia moja tu: kufyeka kijisitu kilichokuwa juu ya chemchemi apate shamba jipya. Ulimwambia huku ukipepeta maharage, "Kasiani, maji yetu yanatoka kwenye miti ile."

"Mama, watoto hawali miti."

Hukubishana. Akafyeka, akalaza nyasi kwa miraba kama wanaume wa kwetu Umatengo wafanyavyo, akangoja wanawake tuchimbe mashimo ya ngoro katikati ya miraba na kuzifukia nyasi kwa udongo. Kazi hiyo ni yetu tangu zamani. Lakini wewe ulikuwa umepita nyumba kwa nyumba. Tulipofika shambani uliketi chini, jembe ukaliweka mapajani. Wenzako nao wakaketi. Nikabaki mimi, nimesimama kati ya mume na mama yake.

"Paulina, chimba," Kasiani aliniambia.

Ulinitazama. Nikaketi. Nakumbuka umande ulivyoilowesha kanga yangu. Nakumbuka pia kwamba hukunipongeza.

Kasiani alilima peke yake, kwa hasira, matuta yaliyonyooka kuteremka mlima. Maharage yakiwa bado machanga, mvua za masika ziliushusha udongo wote na kuifukia chemchemi. Kijiji kizima tukaanza kushuka mtoni kuchota. Watu walipokuja kulalamika alijifanya hayupo. Mwishowe akaja jikoni kwako, akasimama mlangoni.

"Mama, waambie wanawake waifukue."

"Tutaifukua. Kwanza uende kwa balozi wa nyumba kumi, useme mbele ya watu kwamba pale chemchemini na kwenye mteremko wake tutapatunza sisi, na kitakachovunwa pale ni chetu."

"Ardhi ya baba niwape wanawake?"

"Baba yako alikuwa anakunywa maji ya wapi?"

Alikwenda Jumapili baada ya misa. Alisema kwa sauti ndogo mpaka balozi akamtaka arudie.

Tuliifukua chemchemi, tukapanda mikuyu kuizunguka, na kwenye mteremko wa pembeni tukachimba ngoro. Mashimo yakashika maji ya mvua, udongo ukatulia. Wanawake wa Lituhi walipopanda huku na dagaa wa ziwani, nilibadilishana nao kwa maharage bila kumwomba mume ruhusa. Ni jambo dogo, lakini nilikuwa sijawahi kulifanya.

Hukuishi kuona mikuyu ikitoa kivuli. Siku ya mazishi yako, Kasiani ndiye aliyechota maji ya waombolezaji. Alibeba ndoo begani, maana kichwani hakuzoea, akafika amelowa upande mmoja. Hakuna aliyecheka.

Watu huniuliza kama nilikupenda. Sijui. Nilikuogopa, kisha nikakuzoea, na ulipoondoka nikagundua kwamba nyumba ilikuwa ikiendeshwa na ukimya wako. Sikulilii. Ila nikiona mtu anafyeka karibu na maji, husimama nikamtazama kama ulivyokuwa ukitazama, na mara nyingi huacha.

Kiangazi kilichopita kilikuwa kikali. Visima vya ng'ambo ya bonde vilikauka, watu wa huko wakaomba kuchota kwetu. Kwenye mkutano mwenyekiti alimgeukia Kasiani.

"Unasemaje, mzee?"

"Muulizeni mke wangu."

Wote wakanigeukia. Nilisimama, na kabla ya kujibu nikatazama benchi la wanawake, pale ulipozoea kukaa. Alikuwa amekaa mtu mwingine. Basi nikajibu mwenyewe: waje, na waje na majembe, tupatunze pamoja.

Lala salama, mama.

Mkweo,
Paulina