Meno Sita ya Mzee wa Bandarini

Genoa, 3 Juni 2025

Kwako Mama,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wanakwaya wote. Mimi ni mzima, ila pua yangu ndiyo mgonjwa. Goti lako je? Umenikataza kutuma ujumbe wa sauti kwa kuwa simu ya mjukuu wako Winny hupayuka mpaka mtaa mzima wa Manyatta usikie, basi nakuandikia kwenye simu hiyo hiyo barua yenye tarehe, kama ulivyotaka.

Mama, watu wanapanda ndege kuja kuipiga picha bandari hii kongwe, na mimi sielewi. Vichochoro ni vyembamba, hata bodaboda ingekwaruza kuta zote mbili. Jua haliingii. Mawe yamelowa mikojo tangu enzi za wafalme. Juu, nguo za ndani za watu zinatudondoshea maji, na chini yake wageni wamekaa wanakula pweza, mikono yake yote minane bado ina vinyonyo. Mweke huyo mezani huko nyumbani Kondele uone kama utabaki na mteja. Ndani ya maji mlikuwa na mafuta, chupa na njiwa aliyekufa. Mzungu mmoja alipiga magoti akampiga picha yule njiwa.

Kichochoro kilichoandikwa kwenye barua ya mwisho ya Baba nimekipata. Nyumba yenyewe sasa inauza aiskrimu, na hawamjui baharia yeyote. Kesho kuna mzee anayetembeza wageni kwa Kiingereza. Wangechi, rafiki yangu wa sauti ya kwanza, anasema twende naye, maana mzee huyo ameishi hapa miaka mingi na huenda anajua jambo.

Binti yako,
Lorine

Manyatta, 4 Juni 2025

Nyara, binti yangu,

Salamu zimefika, na sisi tunamshukuru Mungu. Goti linasumbua asubuhi tu. Vaa sweta, na huyo pweza usimguse.

Kaka yako Gordon yuko kijijini Sondu anasafisha kiwanja. Agosti anatoka katika boma langu kwenda kuanzisha lake. Unajua desturi: baba hutangulia na jogoo, mwana hufuata na shoka. Baba akiwa amekufa, ndugu yake husimama mahali pake. Kwa hiyo ni baba yako mdogo Ondiek atakayeshika jogoo.

Hiyo bandari unayoitukana ndiyo iliyommeza baba yako, Oluoch wangu. Alianza na meli za hapa Kisumu, akaona ziwa ni dogo, akaenda zake Mombasa kupanda meli kubwa. Baada ya barua ile, miaka minane bila neno. Ulikuwa na miaka kumi na miwili tulipozika tunda la yago badala ya mwili wake, lile tunda refu kama mkono wa mtu. Nililivalisha koti lake. Nililia juu ya tunda mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyecheka.

Muulize huyo mzee wako. Nataka kujua tu alikufaje, kama ni maji au ni ugonjwa. Basi.

Mama yako,
Dorca

Genoa, 5 Juni 2025

Mama,

Natumaini goti limetulia. Kaa chini kwanza, na hiyo simu usimpe Winny.

Tumekwenda. Mzee ni mweusi kama sisi, ana kofia ya nahodha na tumbo lililotangulia. Ametuzungusha kwenye uozo ule wote akiusifu, kisha akatusimamisha kwenye ngazi za mawe majini na kufungua mdomo. Meno ya chini hayapo. Akasema alipokuwa mtoto, wauza watumwa walimkamata jangwani na kuyang'oa kwa koleo ili asiwaume. Wageni walishika midomo yao. Wangechi, ambaye kwao meno hayang'olewi, alilia machozi. Kofia ikazungushwa, watu wakatia.

Mama, ni meno sita. Sita ya chini, sawasawa. Nani kwetu asiyeijua mila hiyo ya kumwingiza kijana utu uzima? Babu alikuwa na pengo hilo hilo. Wewe mwenyewe uliniambia Baba alikuwa wa mwisho kijijini kung'olewa, na siku hiyo waliimba na kumchinjia mbuzi.

Nikamtazama vizuri. Kovu la ndoana lipo kidevuni, lile la kwenye picha yake uliyo nayo. Jina analotumia si lake, lakini ni yeye. Hakufa. Amenona. Alinitazama usoni akanipita kama nguzo ya stima. Nilikwenda nyuma ya pipa la taka nikatapika. Nifanye nini?

Lorine wako

Manyatta, 13 Juni 2025

Nyara,

Usinilaumu kwa siku nane za kimya. Niko salama, nakula kidogo. Nilikwenda Sondu nikakaa kando ya kaburi. Miaka ishirini na minne nimelipalilia. Nimewakataa wanaume wenye heshima zao kwa ajili ya kaburi hilo. Nilitazama mikono yangu nikaona kinyaa.

Nimefikiri hivi. Kama mwenyewe yuko hai, Ondiek hawezi kushika jogoo. Boma la Gordon litaingiwa na chira, na laana hiyo haimpati mwenye kosa peke yake, huwafuata watoto. Kwa hiyo rudi kwa huyo mtu. Usimgombeze. Mwambie simtaki kitandani, simtaki hata mezani. Namhitaji asubuhi moja tu ya Agosti, ashike jogoo na kutembea mbele ya mwanawe. Nauli nitaitafuta. Akishamaliza, arudi kwenye mikojo yake.

Gordon sijamwambia. Nangoja jibu.

Mama

Genoa, 16 Juni 2025

Mama mpendwa,

Habari za afya leo tuziache.

Jana nilimngoja kwenye ngazi mpaka wageni wakaondoka. Nikamwita kwa Dholuo, "Wuora, baba yangu, mimi ni Lorine wa Dorca." Alitazama huku na huku. "Punguza sauti," akaniambia kwa Dholuo safi. "Usiniharibie kazi."

Nilimpa maneno yako yote, ya Gordon, ya jogoo. Hakuuliza kama unaugua au unakula. Hakuuliza ana wajukuu wangapi. Unajua aliuliza nini? "Mlinizika vipi?" Nikamweleza tunda, koti na jinsi ulivyolia mpaka sauti ikakauka. Macho yalimng'aa, Mama!

"Watu walikuwa wengi?"

"Wengi."

"Mlichinja ng'ombe wangapi?"

"Wawili."

"Wawili tu?" Akatikisa kichwa, kaudhika. Kisha akasema Agosti ndio msimu wa wageni, hawezi kuondoka, na akavaa kofia yake akaenda.

Nilidhani kinyaa kimefika mwisho. Leo Wangechi, ambaye hajui kwamba mzee ni baba yangu, aliwapeleka wenzetu wengine kumsikiliza, na amerudi akifuta macho. Mzee ana hadithi mpya. Akishaonyesha pengo, anasimulia kwamba watu wa kwao walizika tunda lililovishwa koti lake, na mwanamke mmoja akalilia mpaka sauti ikakauka. Kofia ilijaa.

Mimi ndiye niliyempa maneno hayo. Ameuza kilio chako, Mama. Nisamehe.

Lorine

Sondu, 18 Juni 2025

Nyara mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nilidhani nitalia. Nimetema mate, nikanawa mikono, nikanywa uji, na uji ulishuka vizuri. Huna kosa la kusamehewa.

Gordon alinikuta kaburini akaniuliza, "Mama, Lorine amepata habari zozote za Baba?" Nikamwambia ndiyo. Ni maji. Alizama bandarini zamani zile, akiwa kazini. Kijana amelia kidogo, kisha ameniambia afadhali sasa tunajua. Ondiek atashika jogoo, yule mwekundu. Nawe ukifika ukiulizwa, sema ni maji. Kama uongo huu una chira, ije kwangu, iwaache watoto.

Baada ya Gordon kwenda nimechukua jembe nikapalilia kaburi. Nilifikiri mikono itakataa, lakini haikukataa. Tunda hili limekaa na sisi hapa kwa mvua na kwa jua. Halijamdanganya mtu, halijazungusha kofia. Nimekuwa mke wa tunda, nyara, na halijanitia aibu hata siku moja.

Njoo nyumbani.

Mama yako,
Dorca