Ngazi Niliyomvutia Shemeji

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, mvua imegoma kunyesha.

Nakuambia wewe tu, shajara. Wengine humu ndani wakijua, nimekwisha.

Tuko likizo. Baba katukodia dungu nje kidogo ya Mohoro, kijumba cha juu ya nguzo katikati ya mpunga, eti tumzoee mume wa dada Rehema. Ndoa yao bado mbichi. Shemeji Hamisi ni mtu wa Singida, kwao mto wanausikia redioni. Basi nikajipa kazi ya kumfundisha maisha. Mimi mtoto wa Kibiti bwana. Shule iliniacha kidato cha pili, lakini bondeni huku nani wa kunipa somo?

Bi Tatu, mwenye dungu, alituambia siku tuliyofika: jua likizama, watu wote juu, na ngazi juu. Viboko wanatoka mtoni kuja kula mpunga. Baba akanikabidhi ngazi mimi. Nikavimba kichwa.

Leo jioni Baba kaenda kuswali Mohoro. Mama na Dada wako ndani wanachambua mchele. Shemeji kashuka na kopo lake kutia udhu.

Nikaivuta ngazi.

"Sema shikamoo kaka, nikushushie."

"We shem, shusha bwana, Maghrib inanipita."

"Shikamoo kwanza. Hapa siyo Singida."

Akacheka. Ni mtu wa kucheka, na hilo ndilo linaloniuma.

Mara mpunga ukatikisika nyuma yake. Upepo hakuna.

Alipogeuka na kuliona lile limgongo, hakupiga kelele. Alinitazama mimi. Nikaisukuma ngazi chini, ikanasa kwenye fito. Nikavuta, ikazidi kunasa. Mikono hii ninayojisifia kila siku ikashindwa kuinasua.

Shemeji akaikumbatia nguzo akapanda, mimi nikamkamata kwapani nikamvuta. Msumari ukamchana mguu. Kiboko akapita chini yetu bila haraka. Kopo alilikanyaga, limekuwa bapa kama chapati.

Dada akatoka. "Kuna nini?"

"Nimeteleza," Shemeji akasema.

Baba aliporudi na tochi yake, ngazi nimeshainasua, akaambiwa hivyo hivyo. Dada akamfunga mguu kwa kipande cha khanga huku anamcheka, "Mume wangu huyu, nguzo tu imemshinda." Mama akacheka. Baba akacheka.

Na mimi nikacheka.

Tumekula wali na kambare, sikuupata utamu wake. Kila Shemeji akifungua mdomo, narudisha tonge sahanini. Mwisho Baba akauliza nani anavuta ngazi leo.

"Mpeni shem," akasema Shemeji, macho kwenye sahani. "Ndiye fundi wake."

Sijui kanisamehe au kaniwekea kinyongo. Ningejua ningelala.

Nimeivuta. Lakini kwanza nimewahesabu mmoja mmoja, Baba, Mama, Dada, Shem, nikarudia tena. Sasa imelala hapa ubavuni kwangu, na Dada namsikia bado anamtania mumewe kwa uzembe wake.

Asubuhi wote watataka kushuka. Haishuki mpaka nimwambie Dada nani alikuwa ameishika.