Ngozi ya Mbeleje

Haneti, Jumatano. Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka ndani ya sufuria. Na moyo wangu umechafuka kuliko hiyo sufuria.

Mimi sikusoma. Nasema, simu inaandika, mjukuu wangu Upendo anaweka kwenye blogu. Leo ameshonwa mdomo, kwa hiyo hatanibishia neno.

Upendo anasoma chuo kule Chimwaga. Akija likizo, kama sasa, watu wanamletea kompyuta zao zilizochoka, anaondoa mfumo wa zamani, anawawekea mwingine, unaitwa Linux. Zinafufuka. Halafu yanaanza maswali, simu hailali. Printa haionekani. Waifai haishiki. Sauti imekwenda wapi. Hata mimi nimeshajua kujibu: zima, washa, ikikataa njoo, na uje na chakula maana hapa utakaa.

Chilewa, mfugaji wa ng'ambo ya korongo, hakupiga simu. Alikuja na fimbo.

Upendo alikuwa amemrudishia kompyuta yake juzi. Ndani yake kuna video moja anayoijali kuliko ng'ombe wake wote: marehemu mkewe, Mbeleje, anaimba huku anapepeta mtama. Mbeleje alikufa kwa kifua. Sauti yake haipo mahali pengine popote. Leo Chilewa kaifungua, kioo cheusi, kimya.

Nilikuwa uani natwanga uwele. Akaingia bila salamu, akaitupa kompyuta mkekani, akamwambia Upendo, "Ng'ombe akifia kwako, unaniletea ngozi. Ya Mbeleje iko wapi?"

Wewe unayesoma ukiwa mbali, nikueleze. Kwetu ukikabidhiwa ng'ombe wa mwenzio umchunge, akafa, unampelekea mwenyewe ngozi. Anaitandaza, anaikagua. Jino la fisi linaonekana. Mkuki unaonekana. Ngozi ndiyo inayosema mnyama kafaje. Huna ngozi, umemuuza, wewe ni mwizi.

"Haijafa, mzee," Upendo akasema. "Kuna kitu sijakiweka, cha kufungulia hizo video. Nipe niki..."

Fimbo ikampata mdomoni. Nilisikia jino.

Akainua mara ya pili. Mchi ulikuwa mkononi mwangu tayari, sikuutafuta. Nikampiga kifundo cha mkono, mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Fimbo ikaanguka. Nikampiga goti, akakaa chini. Nikauinua mchi juu ya kichwa chake.

Nilitaka kuushusha. Sijipambi hapa. Nilikiona kile kichwa, na nilitaka.

"Bibi, acha. Acha nimfungulie."

Huyo mtoto. Damu inamchuruzika kidevuni, yeye anafikiria video ya mtu. Kwa hasira na kwa kumpenda, nilitamani nimtandike na yeye.

Akachukua bando la intaneti kwenye simu yangu, akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika maneno yake. Mashine ikadai neno la siri. Hilo analijua Chilewa peke yake, alilichagua mwenyewe.

"Andika, mzee."

Akaandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja. Hakikuonekana kitu, hata nukta. Akabonyeza kwa nguvu. Wapi.

"Inanidharau," akasema, akainua ngumi juu ya kioo. Nikamgusa sikio kwa ncha ya mchi. Ngumi ikashuka.

"Inaandika," Upendo akasema, anatema damu kwenye kopo. "Haikuonyeshi tu, ili wa pembeni asiibe. Kila mtu huniuliza hilo. Andika lote, halafu bonyeza hapa."

Akaandika lote. Maandishi yakaanza kuteremka kwenye kioo kama mvua ya masika. Tukasubiri: yeye amekumbatia mkono wake, mtoto na kopo lake, mimi na mchi.

Mbeleje akatokea.

Anaimba. Ungo unapanda, unashuka, pumba zinapeperuka. Chilewa akaanza kulia hapohapo, kamasi na kila kitu, na mimi karibu nimhurumie.

Kisha Mbeleje akageuza uso.

Mdomo wa juu umevimba, umepasuka upande wa kushoto. Palepale alipopasuka Upendo. Anaimba kwa upande ulio mzima.

Nikakitazama kioo, nikamtazama mjukuu wangu, nikaitazama fimbo pale chini. Chilewa naye akaitazama. Video hii ameiangalia mara ngapi, akawa anasikia sauti tu?

"Zima," akasema.

Upendo akanyoosha kidole. Nikamshika mkono.

"Umekuja kudai ngozi," nikamwambia Chilewa. "Hiyo hapo. Kagua."

Aliikagua mpaka mwisho. Aliondoka anachechemea, bila kompyuta, bila fimbo, na kuaga pia hakuaga.

Zahanati wamemshona mtoto. Jino limelegea, wanasema huenda likashika. Namsagia ulezi, nampikia uji mwembamba, akikataa nammiminia mwenyewe.

Kesho naenda kwa mtendaji wa kijiji na fimbo ya Chilewa na mchi wangu, nimweleze kila kimoja kilimpiga nani. Asinifichie upande wangu, mimi nilivunja mkono wa mtu. Kompyuta nimeifunika kanga vumbi lisiingie, mtendaji akishaiona irudi kwa mwenyewe. Sikai na mali ya mtu.

Kuna jambo moja halinitoki, nalisema hapa kwa kuwa usoni mwa Upendo siwezi.

Asingesema "Bibi, acha," ningeacha?