Cherehani Haiendi Hospitali

Geita mjini,
Msimu wa pamba

Mama yangu,

Shikamoo. Mwangaluka, mayu. Mgongo uliokuwa unakusumbua wakati wa kupalilia umepata nafuu? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa au bado? Naomba nijibiwe yote mawili, hasa la mgongo. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Nimeanza na hilo kwa sababu nasikia huko nyumbani mnaambiana kwamba Kabula amerukwa na akili.

Wifi Nyamizi, najua ni wewe unayemsomea Mama barua hii, mpaka hapo kisomo chake cha watu wazima kitakapomkolea. Tafadhali soma kila neno. Kuna mahali nitamsema mumeo, na hapo ndipo nataka upaze sauti. Usiruke, wala usinilainishie maneno.

Mama, ujumbe wako nimeupata kwa dereva wa lori la mchele la Kagongwa. Unasema Kaka Masanja anakuja tena, safari hii na Baba Mdogo, wanichukue nirudi nyumbani nitunzwe. Jibu langu ni hili: siendi. Wakija watapata chai, na baada ya chai watarudi walikotoka. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana habari uliyopewa ni nusu, na hiyo nusu yenyewe ina uongo ndani yake.

Kaka alipofika nilikuwa nashona. Unanijua, nikianza mshono sikatizi. Akasimama nyuma yangu akaita jina langu, mimi nikamaliza mshono, nikakata uzi, ndipo nikageuka nikapiga goti nikamsalimia vizuri, salamu zote, za watoto, za mifugo, za mvua. Hizo hakuzileta nyumbani. Amewaletea ya kusimamishwa tu, na kwamba eti dada yake anamtazama kifuani badala ya usoni. Jamani! Si Bibi aliyekuwa akinisifu kwa hilo hilo? Si alisema, mtazameni Kabula, ana heshima, hainui macho mbele ya wakubwa? Macho ni yale yale, Mama. Kilichobadilika ni kwamba sasa nina chumba changu na ufunguo wangu.

Chumba nimepanga kwa mjane mmoja anaitwa Mama Shija. Kaka alikikagua kama bwana afya. Mbona kikombe kimoja? Mbona mtu mzima anakula michembe kila asubuhi ya Mungu? Nikamwambia viazi vya kukausha havinishtukizi. Napenda kuamka nikijua kinachoningoja. Na mvua ikipiga bati najifunika blanketi kichwani mpaka ipite. Mliniita Kabula kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha, lakini mimi na mvua hatujawahi kupatana. Mwanzoni Mama Shija alikuwa akigonga mlango kuuliza naumwa nini. Siku hizi hagongi, anajua nitatoka mwenyewe.

Kazi nafanyia barazani kwa Mama Shabiri, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Zamani wateja walikuwa wananizunguka, wote wanasema kwa pamoja, huyu ananishika bega, yule anataka nicheke. Siku moja nikashindwa kabisa, nikakaa chini nimeziba masikio. Nilidhani Mama Shabiri atanifukuza. Sikungoja anifukuze. Kesho yake niliigeuza cherehani ikatazama ukuta, na mimi nikawapa watu mgongo. Sasa mteja anaweka nguo yake kwenye benchi, anasema palipochanika, anakwenda zake. Wengi ni wachimbaji wa dhahabu, suruali zao zinaisha magotini kwa kutambaa mashimoni. Hao hawataki porojo, wanataka magoti. Wananiita Fundi Ukuta, na jina hilo nimelipenda kuliko yote niliyowahi kupewa.

Sasa, wifi, paza sauti. Siku ya pili Kaka alikuja barazani mbio mbio akasema, "Kabula, Mama kalazwa Kolandoto. Hali yake mbaya. Basi la Mwanza linaondoka sasa hivi!"

Mama, mimi nikiambiwa neno naliamini. Watoto wenzangu walijua hivyo, wakaniambia kisimani kuna nyoka, nikashinda na kiu. Kaka anajua pia, na akaichagua njia hiyo hiyo. Niliacha mshono katikati. Soma tena hapo, wifi: niliacha mshono katikati. Nikakimbia chumbani nikafunga nguo zangu, namwomba Mungu nikukute hai. Kituoni injini inanguruma, utingo anapiga ubavu wa basi, watu wanaitana, na mimi nimeuma khanga nisipige yowe. Nikainua macho. Nikaona mchukuzi anapandisha cherehani yangu juu ya basi, pamoja na furushi la nguo za wateja.

Nikamuuliza Kaka, "Mama anaumwa ugonjwa gani unaohitaji cherehani?"

Akamgeukia utingo, akasema mbele yangu kana kwamba sipo, "Huyu mgonjwa wa kichwa. Mimi ndiye kaka yake, nisikilize mimi. Tunamrudisha nyumbani, hatarudi tena huku."

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Hilo Kaka hakudanganya. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka, nikakaa chini kwenye vumbi mbele ya gurudumu, na nilipopata maneno nikayasema kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, asiwepo wa kusema hakuelewa: "Mimi ni Kabula. Akili zangu ninazo. Mama yangu haumwi. Cherehani ni yangu, ishusheni!"

Habari kwamba wachimbaji walimpiga Kaka ni uzushi mtupu. Walikuja, kweli, kwa sababu furushi la juu ya basi lilikuwa lao. Mmoja alikuwa kajifunga shuka kiunoni, suruali yake pekee ilikuwa humo, naye anapaza sauti, "Fundi anakwenda wapi na suruali yangu?" Kituo kizima kikacheka. Mimi mwenyewe ningecheka kama nisingekuwa nalia. Lakini si wao walioniokoa. Walipofika nilikuwa nimekwisha kusema, na utingo alikuwa amekwisha kupanda kushusha. Nataka hilo lijulikane hapo nyumbani. Kaka akaondoka peke yake, na sikumpungia mkono.

Baada ya hapo sauti iliniishia, ikakaa siku kadhaa bila kurudi. Mama Shija aliniwekea uji mlangoni akaondoka bila kuuliza. Sikuelezi haya unihurumie. Ndivyo nilivyo, maneno yananiishia, kisha yanarudi. Yaliporudi nilikwenda barazani nikaumalizia ule mshono.

Kuniita mgonjwa si kitu, Mama. Nimeitwa bubu, nimeitwa zezeta, na bado najilipia chumba changu. Kinachoniuma ni kwamba alilitumia jina lako. Sasa siku ukiumwa kweli, nitamwamini nani? Nitakaa hapa nikishona, nikidhani ni uongo mwingine, kumbe unaniita. Jambo hilo linanitisha kuliko kelele zote za kituoni.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Unaikumbuka kata yako ya kibuyu, ile iliyopasuka nikiwa mdogo? Ulinipa sindano na nyuzi za katani, ukaniacha nayo kutwa nzima, nikaishona. Ndiyo ilikuwa kushona kwangu kwa kwanza. Ulisema bado unainywea maji. Basi itunze. Siku ukinihitaji mwenyewe, mpe mtu yeyote aniletee, hata Masanja. Nitaitazama mishono yangu, na sitauliza swali hata moja. Atakayekuja mikono mitupu na habari zake, ni chai tu.

Baba Mdogo mwambie barabara ni mbovu na foleni ya pantoni ni ndefu, asiutese mguu wake bure. Shangazi wa Kambarage mwambie khanga aliyonipa ilikuwa inanikwaruza, nimeifua mara nyingi mpaka imelainika, sasa naivaa. Wifi, ahsante kwa kufika hapa. Watoto wako nimewashonea kaptula, dereva wa mchele atawaletea. Mumeo mwambie sijamchukia, ila chumbani kwangu hataingia tena bila kukaribishwa.

Nawe Mama, uchunge mgongo wako. Kata ikifika nitapanda basi siku hiyo hiyo, nitalala chini ya kitanda chako mpaka upone. Cherehani nitaiacha hapa hapa inatazama ukuta wake, kwa sababu nitarudi.

Binti yako,
Kabula, Fundi Ukuta