Barafu ya Saa Saba Mchana

Kigangoni Izigo,
Muleba.
16 Novemba

Ndugu yangu Mayenga,

Mwangaluka. Salamu hiyo ya kwenu Usukumani bado naikumbuka, ingawa ulikuwa ukisema naitamka kama mtu mwenye senene mdomoni. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mama watoto na wote mlio chini ya paa moja, na mvua za huko Sengerema ziwe zimekuja kwa wakati wake. Sisi huku Mungu ametushika mkono. Mgongo unanisumbua kidogo nikipanda kilima kwa baiskeli, lakini migomba imesimama, na senene wenyewe, panzi wetu wa kukaanga, wameanza kuonekana wiki hii.

Najua utaigeuza karatasi kwanza utazame jina la mwisho. Ndiyo, ni mimi, Ildefons, yule Mhaya uliyesema akila ugali siku tatu mfululizo anaanza kuandika wosia. Miaka ishirini na minne imepita. Habari zako nimezipata kwa Ndaki, mtoto wa dada yako. Nilimkuta mwaloni akishusha dagaa, nikamsikia akimtaja mjomba wake Mayenga aliyewahi kufanya kazi kwenye maboti ya samaki, nikamshika mkono sikumwachia. Akaniambia u hai, unalima mpunga, na magoti yanakusumbua. Akanipa na namba yako ya simu. Namba hiyo nimekaa nayo wiki tatu. Mara mbili nimeibonyeza, nikakata kabla haijaita. Nikaona ninachotaka kukwambia si cha kusemwa huku mtu anatafuta mtandao juu ya kichuguu, basi nimeandika, na Ndaki ameahidi kukukabidhi mwenyewe mkononi.

Nikupe habari zangu kwanza. Ziwani niliacha zamani. Sasa ni katekista wa kigango hapa Izigo, mwaka wa kumi na saba huu. Nafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, naongoza ibada Padre asipofika, na jioni narudi kwenye kibanja changu cha migomba. Nilioa mwaka mmoja baada ya wewe na mimi kuachana. Mke wangu anaitwa Elina, nitamrudia mbele. Mungu ametupa watoto watatu, na wa kwanza, Joyness, ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Joyness ana miaka ishirini na mbili. Alisoma mambo ya kompyuta, na sasa anakaa Bukoba, Miembeni. Yeye na mwenzake Haruni, kijana wa pale pale mjini, wanatengeneza mchezo wa kompyuta katika chumba cha nyuma cha duka la cherehani la mama yake Haruni, Bi Rahima. Usicheke. Na mimi nilidhani ni upuuzi wa kupoteza umeme. Lakini ni kazi, Mayenga, watu wanakonda kwa kazi hiyo. Ndani ya mchezo kuna msichana anayetafuta ngoma ya bibi yake iliyopotea. Anatoka kwenye migomba ya Izigo, anapita kwenye kahawa, kwenye miamba, mpaka ziwani na visiwani. Ukibonyeza anatembea, ukibonyeza anaruka. Mwezi wa kwanza yatakuwepo maonyesho ya vijana hapo Bukoba, na mchezo huo ndio tegemeo lao.

Sasa, mwezi wa nane hao wawili waligombana mpaka wakaacha kusalimiana, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya theluji. Haruni alisema mchezo wa safari wa namna hii hauwezi kukosa eneo la theluji na barafu. Kwamba wachezaji wanalisubiri, kwamba mtu akishazoea kutembea kwenye majani anataka mahali ambapo mguu unateleza na mambo yote yanabadilika mkononi. Joyness akamwambia theluji hiyo itatoka wapi kati ya Izigo na kisiwa cha Bumbire, au itashuka na basi? Akasema wanaiga tu wazungu wenye baridi yao, na kwamba bibi wa Kihaya hawezi kupoteza ngoma kwenye theluji. Haruni akajibu kwamba msichana wa Kihaya naye hawezi kuruka ukuta wa mita tano, mbona hilo halimsumbui.

Nilipokwenda kumpelekea binti yangu ndizi, wakanifanya hakimu. Joyness alikuwa ameshachora hiyo theluji ili kumnyamazisha mwenzake. Nikaitazama, nikauliza ni nani amemwaga unga wa muhogo mlimani. Haruni akaangua kicheko, Joyness akanuna. Nikawaambia mimi theluji siijui. Katika sala za asubuhi tunaialika hata theluji imsifu Bwana, nami nimeialika miaka yote hii bila kuiona. Lakini barafu, nikawaambia, barafu naijua. Nimelala juu yake.

Haruni akaacha kucheka. Joyness akasema, Tata, hujawahi kutuambia. Na kweli sikuwahi. Walijua tu kwamba baba yao aliwahi kuwa ziwani.

Basi nikawaeleza, na wewe ulikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Nikawaeleza tulivyokuwa tukipakia barafu ya kiwandani asubuhi, majembe yakilia kama yanakwaruza vioo. Moshi unaotoka sanduku likifunguliwa. Viganja vinavyowaka kama umeshika kaa la moto. Jinsi sakafu ya boti inavyoteleza maji ya barafu yakichanganyika na utelezi wa sangara, mpaka siku ile ulianguka ukiwa umebeba samaki wa kilo thelathini na hukumwachia. Nikawaambia barafu yetu si nchi ambayo mtu anaiendea. Ni kitu unachokibeba, na jua linakufuata kukidai. Kila ukifungua kifuniko inapungua, na visiwa bado viko mbele. Ikiisha kabla hujarudi, huna samaki. Na mwenye dhamana ya kifuniko ndiye anayeshushwa botini na kufukuzwa kazi.

Haruni alikuwa anaandika kwenye kisanduku cha majani ya chai. Joyness aliifuta theluji yake papo hapo, bila hata huruma. Akasema eneo la barafu litakuwepo, lakini litakuwa boti. Haruni akauliza kama watu watateleza. Akaambiwa watateleza mpaka wachoke. Wakaanza kusalimiana.

Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu. Sikujua kwamba Joyness alikuwa anampigia mama yake simu kumuuliza na yeye anakumbuka nini kuhusu barafu. Wala sikujua mama yake amemjibu nini.

Mwisho wa mwezi wa kumi wakatuita, Elina na mimi, tukaijaribu kazi yao. Bi Rahima akatuletea chai na vitumbua, wakanikalisha mbele ya kioo, wakanionyesha vidude vya kubonyeza. Nilikuwa mzito. Haruni akasema mzee, kwa mwendo huo hata konokono atakupigia honi. Lakini nilipofika kwenye boti vidole vyangu vikapata akili. Nilijua kila kitu. Kulikuwa na mwenzangu mmoja mwenye koti la mvua la njano, ndiye mlinzi wa kifuniko, kwa sababu niliwasimulia habari za koti lako. Tukapakia, tukaondoka, tukapita kisiwa cha kwanza na cha pili.

Kisiwa cha tatu tukatia nanga mchana. Mwenzangu akashuka kwenda kula. Akatokea msichana mwenye ndoo, akasimama majini, akaomba aonyeshwe barafu kwa sababu hajawahi kuigusa. Pembeni yangu nikamsikia Elina anacheka kwa sauti ya chini. Mikono yangu ikafungua kifuniko, Mayenga. Nikampa yule msichana kipande. Akakimbia nacho ufukweni, nami nikamfuata nione anakwenda wapi. Niliporudi, barafu ilikuwa maji, na mwenye boti, tajiri wa mchezo, alikuwa anamshusha mwenye koti la njano.

Joyness akacheka, akasema Tata, umesahau kifuniko. Haruni akanifariji kwamba nisihuzunike, kila aliyejaribu amesahau. Nikasema nahitaji hewa. Nikatoka nikaketi kwenye ngazi ya duka la Bi Rahima.

Sasa nakuandikia lile lililonifanya nikate simu mara mbili.

Ile siku ya Bumbire, samaki walipoharibika, ni mimi. Wewe ulilifunga sanduku vizuri, ukaweka magunia na turubai juu, ukaniambia nikae hapo mpaka urudi kutoka kula. Ilikuwa saa saba mchana. Alikuja msichana mwenye ndoo, akasema amesikia tuna mawe yanayounguza kwa baridi, anaomba kuyaona. Nilifungua. Aliihamisha ile barafu mkono huu hadi mkono ule, akaiweka shavuni, akacheka. Nikambebea ndoo yake mpaka kwa shangazi yake, nikakaa huko nikijifanya nina kiu. Kifuniko sikukifunga. Nilirudisha turubai tu, ili kwa mbali paonekane sawa.

Nilirudi kabla yako kwa dakika chache, nikasukuma kifuniko mahali pake. Niliona maji. Nilijua. Ulipokuja ukaniuliza kama yote ni salama, nikasema salama.

Unakumbuka pale mwaloni Bukoba, samaki walipofunguliwa mashavu yakaonekana yamepauka, tukakataliwa nusu ya mzigo. Tajiri akauliza dhamana ya kifuniko ni ya nani. Ukasema ni yako. Akakutukana mbele ya watu, akasema Msukuma amelala kwa kushiba ugali, na kesho yake jina lako lilikuwa limefika kwenye kila boti. Hukupata kazi tena upande huu. Ulinitazama wakati ule, nami nikakutazama, na mpaka leo sijui kama ulijua. Siku ya kuondoka ulinivalisha koti lako la mvua, ukasema huko unakokwenda hutapanda boti tena. Ninalo hadi leo. Limeshonwa mara nyingi, ndilo ninalovaa kwenda kigangoni masika.

Yule msichana ni Elina. Hakujua lolote. Alikuwa akisimulia ile barafu kwa watoto kama habari njema ya nyumba yetu, na ndivyo alivyomsimulia Joyness. Nilipomweleza yote tuliporudi nyumbani alikuwa anamenya ndizi, akamenya hadi mkungu ukaisha. Kisha akasema miaka yote hii amekuwa akiiimba kama wimbo wa harusi, kumbe palikuwa na mtu analia. Akasema tena kwamba nafundisha watoto kuitaja dhambi yao moja kwa moja padre akiwasikiliza, na mimi nimeizunguka yangu hadi nimemaliza kibanja kizima. Nilishaiungama kwa Padre zamani. Aliniondolea, na akanituma kwako. Huko sikufika.

Mayenga, nakuomba msamaha. Ulipoteza kazi na jina kwa kosa langu, na mimi nikapata mke. Sina namna ya kulisawazisha hilo, na sitajaribu kulipamba. Tajiri alishafariki, lakini Ndaki nimemwambia ukweli, na wale wazee wachache waliobaki mwaloni nimewaambia mmoja mmoja. Mmoja aligeuza uso. Mwingine alisema alikuwa akishangaa siku zote, kwa sababu Mayenga hakuwahi kusahau kifuniko.

Joyness naye nimemwambia. Alilia kidogo, kisha akasema hawezi kuupeleka mchezo kwenye maonyesho mpaka wewe ukubali. Ukikataa, ataliondoa boti zima, na Haruni amekubali, ingawa alimeza mate. Sasa hivi wameongeza kitu. Mchezaji anaweza kuiacha boti, akachukua mtumbwi, akapiga kasia mpaka ng'ambo alikoshukia mwenye koti la njano, akamwambia ukweli. Nilimuuliza Joyness yule mtu anajibu nini. Akaniambia, Tata, hapo nimeacha wazi, hilo siwezi kulibuni mimi.

Basi yule mtu amesimama pale ufukweni, anasikiliza, hasemi kitu. Ukinijibu, iwe kwa maneno makali au mepesi, nitayapokea, na ukiruhusu ndiyo atakayoyasema. Usiponijibu atabaki kimya, na ukimya huo ni haki yako. Ila nimetengeneza kitanda cha wageni, na koti nimelifua. Basi la kutoka Mwanza linapita hapa Muleba kabla ya jioni, nami naweza kukungoja na baiskeli, magoti yako yasipande kilima.

Elina anakusalimu kwa heshima na anaogopa kidogo. Joyness anakuita baba mkubwa, nimemwambia angoje ruhusa yako. Wasalimie mama watoto na wajukuu kama wapo, na yeyote hapo kwenu anayekumbuka kwamba Wahaya nao hula ugali. Bwana akuweke.

Ni mimi niliyefungua,
Ildefons