Adhana ya Malak

Dada yangu Kheiria,

Assalaam alaykum. Karafuu zako zimefika hapa Azaiba, nimeshazitia kwenye supu ya mzazi. Wijdan, mke wa Yazan wangu, kajifungua mtoto wa kike, Malak. Pua yake yako kabisa.

Nilimpa Yazan amuadhinie mwanawe sikioni. Akaficha mikono nyuma. "Mama, mpe baba." Ikabidi aadhini babu yake.

Unajua Yazan anaongoza ndege za mabomu zisizo na rubani kwenye ile meli ya wageni. Nami nilishukuru kuwa mwenyewe hapandi. Kumbe sitaha ya meli yao ni fupi. Ndege ikirudi na bomu haiwezi kutua, lazima kwanza ilitupe baharini. Yeye ndiye wa kutazama kwenye skrini na kusema kama chini hapana mtu. Mwezi uliopita alisema hapana mtu. Palikuwa na mashua ya wavuvi. Hakupona hata mmoja.

Nikamwambia, "Hukukusudia, mwanangu."

"Mama, mdomo uliosema hapana mtu, ndio umuadhinie Malak?"

Mpaka leo hajambeba. Asubuhi nimemkuta mlangoni, mtoto kalala, naye anaadhini polepole, kwa mbali, asimsikie.

Nnamuombea. Nawe muombee.

Mdogo wako,
Zuwena