Picha ya Chokowe

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wawili hatujambo, na studio iko salama; feni bado inapiga kelele vilevile. Natumai goti linakunjika sasa na Shangazi amekuruhusu kushuka ngazi.

Barua yako tumeisoma mara tatu. Umeisifu mno ile picha ya chokowe, kile kindege cha ufukweni kilichosimama kwa mguu mmoja, tone la maji mdomoni. Umesema sasa nimepata jicho, ukaagiza jina langu liandikwe kwenye kibao cha studio chini ya lako. Tena unataka kujua nilimkaribiaje hivyo.

Jumapili ile nilikwenda ufukweni na mdogo wangu, binti yako. Nilinyata kama mwizi wa kuku. Chokowe wakanitazama, wakatimka. Nikasogea, wakatimka tena. Mwishowe nikalala kifudifudi mchangani, nao wakaanza kurudi mmoja mmoja. Alipofika wa kwanza, si unajua mazoea yana taabu, nikamwambia ainue kidevu kidogo kama mteja wa studio, kisha nikampiga flashi usoni. Ufuo mzima ukabaki mtupu. Binti yako alicheka hadi akakaa chini. Nikamwachia kamera kwa hasira, nikaenda kivulini nikalala usingizi.

Aliyeniamsha ni mlinzi wa ufuo. Aliniuliza kama yule dada aliyelala pale ukingoni mwa maji yu hai, maana alikuwa na saa nzima hajatikisika na maji yanampitia miguuni. Nikamjibu kwamba yu hai, yuko kazini. Chokowe walikuwa wamemzunguka, mmoja akidonoa mchanga karibu na kiwiko chake.

Njia ya mwongo ni fupi, Baba, na yangu imeishia hapa. Picha ile ni yake, yeye unayesema hawezi kutulia, unayemweka kaunta kukata picha za pasipoti. Nilikutumia bila kutaja aliyeipiga. Ulipodhani ni mimi, nikanyamaza, kwa sababu sifa zako ni tamu na nilizingoja miaka mingi. Yeye hakunilaumu hata kidogo. Ndiyo maana naona haya.

Fundi wa mabango amefika asubuhi hii na kopo la rangi. Nimemwomba asubiri jibu lako. Tafadhali, liandikwe jina la binti yako. Ukikataa, basi kibao kibaki na lako peke yake. Langu silitaki juu ya kazi yake.

Msalimie sana Shangazi, na usimfiche barua hii, hata akinicheka.

Mimi mwanao mkubwa, ambaye leo amepumua.